Kukaguliwa Mlangoni pa Maktaba

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo mapema ili tusisumbuane baadaye. Naogopa mbwa, naogopa lifti, naogopa simu ikilia kutoka namba nisiyoijua, na kwa muda wote niliosoma shahada ya pili pale mjini niliogopa mlango wa maktaba kuliko mtihani wowote. Si vitabu. Mlango. Ukitoka kuna meza, nyuma ya meza kuna askari, na kazi yake ni kuangalia ndani ya mfuko wako kama umeondoka na kitabu ambacho hujaazima.

Wenzangu walipita pale wakiongea na simu, wakaufungua mfuko kidogo tu kwa kidole. Mimi nilianza kufungua zipu nikiwa bado kwenye ngazi. Nikifika mezani kila kitu kilikuwa wazi: sweta, chupa ya maji, kopo la chakula, kitana. Askari wa zamu ya jioni, mama wa makamo mwenye sauti nzito, alizoea kunicheka.

"Madam, kwani kuna nini? Hata sijaitisha."

"Angalia tu."

"Si niliangalia jana? Ni hiyo sweta tu."

"Angalia tena."

Najua nilikoutoa ugonjwa huo. Mama yangu alifanya kazi za nyumbani Lavington, mtaa wa matajiri wa Nairobi, utoto wangu wote. Alitoka kwetu Kawangware asubuhi kwa miguu, akarudi jioni kwa miguu, na kila jioni kabla geti halijafunguliwa alisimama mbele ya askari akafungua mfuko. Ndivyo zilivyo nyumba zile. Hata ufanye kazi pale mpaka watoto wa nyumba waote ndevu, jioni utafungua mfuko. Shule zikifungwa alinichukua twende naye, nikae jikoni kimya, na wakati wa kutoka nami niligeuza mifuko ya sketi nje bila kuambiwa. Mzee wa getini alicheka sana.

Siku moja saa ya mkono ya mwenye nyumba ilipotea. Mama aliambiwa amwage mfuko wake wote kwenye simiti, mbele ya gereji. Akamwaga. Ikatoka leso, Biblia ndogo, na mahindi mawili ya kuchemsha aliyokuwa ameninunulia. Nilisimama pale nikaona hindi moja linabingirika mpaka kwenye gurudumu la gari. Saa haikuwemo. Hata hivyo aliambiwa aende nyumbani, ataitwa. Alikaa bila kazi kwa muda, kisha asubuhi moja akaamka, akavaa, akarudi kule kule. Hakueleza, nami sikuuliza. Kwetu mambo ya kazi hayakuulizwa. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliumwa nikiwa na meno ya utoto.

Sasa mimi ni mtu mzima. Natunza rekodi za wagonjwa katika hospitali moja kule Upper Hill, naishi karibu na Adams Arcade na mama yangu, ambaye magoti yamemstaafisha. Nilipoingia shahada ya pili, masomo ya jioni, nilichagua kuandika kuhusu wanawake wanaofanya kazi majumbani Lavington na kwa nini wanakosa siku zao za kliniki. Msimamizi wangu wa tasnifu, daktari mmoja mpole mwenye mvi, alisoma sura ya kwanza akavua miwani.

"Madam, hoja unazo," akasema. "Lakini marejeleo yako ni githeri. Kila kitu kimechanganywa kwa sufuria moja. Nenda maktaba, kuna warsha za Jumamosi."

Nikaenda. Warsha zilifanywa ghorofa ya juu, chumba cha kompyuta chenye feni moja iliyokuwa ikilia. Tulikuwa watu wazima watupu: walimu, wauguzi, karani wa benki, pasta mmoja aliyekuwa akisinzia. Kila mtu alijifanya anajua. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili nikiaibika nitoroke.

Aliyetufundisha alikuwa mkutubi, msichana mwembamba aliyesuka nywele na kuvaa raba. Namwita msichana, kumbe alikuwa na mtoto wa kwenda shule. Aliingia akasema, "Sasa watu wangu! Hapa hakuna swali la kijinga. Kuna mtu alikuja hapa hajui kuwasha kompyuta, na leo anaitwa daktari. Mnaogopa?"

Tukatazamana.

"Mnaogopa. Ni sawa. Mimi pia siku yangu ya kwanza niliogopa. Haya, tuanze."

Na alianzia wapi? Nyuma. Walimu wana pua ya kumnusa mwoga. Akainama juu ya kompyuta yangu akaangalia nilichoandika. Nilikuwa nimeandika neno tunalolitumia sote Nairobi, hausigeli, nikaongeza Lavington na kliniki. Kompyuta ikasema hakuna kitu. Ati hakuna! Wanawake wote wale wanaoijaza barabara ya Kawangware kila alfajiri, na hakuna kitu.

"Hilo ni jina la mtaani," mkutubi akasema. "Sasa jiulize, wale wenye kuandika, wao huwaita nani?"

"Mfanyakazi wa nyumbani," nikasema polepole.

"Enhe. Na nani tena?"

"Yaya. Mtumishi. Mlezi wa watoto."

"Weka wote. Katikati yao weka neno 'au', ndiyo kompyuta ijue unataka yeyote kati yao. Halafu toa Lavington. Nani huko nje anaijua Lavington? Weka mji."

Nikafanya alivyosema, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. Makala zikaanza kushuka kwenye kioo, moja juu ya nyingine, za kutoka India, za Brazili, za Afrika Kusini, na nyingine za hapa hapa kwetu. Watu walikuwa wameandika kuhusu mama yangu na mimi sikujua. Machozi yakanilengalenga, mkutubi akadhani ni mwangaza wa kioo unaniumiza, akaupunguza.

Tangu hapo sikukosa Jumamosi hata moja. Alitufundisha kulitambua jarida la kitapeli, lile linalokubali kazi yako kabla halijaisoma. Alitufundisha kuandika jina la mwenye maneno na ukurasa wake papo hapo, si kesho, kwa sababu kesho utasahau na utakuwa mwizi bila kujua. Neno hilo mwizi alilisema akicheka, darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Niliporudi nyumbani niliipitia kazi yangu sentensi kwa sentensi, na kila penye shaka nikaweka rejeleo. Penye sentensi yangu mwenyewe niliyoipenda sana niliogopa pia, nikaitafuta mtandaoni kuhakikisha hakuna aliyeisema kabla yangu.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa ya kupima mfanano. Chuo kina programu ambayo unaipa kazi yako, nayo inailinganisha na kila kitu ilichohifadhi, kisha inakuambia ni kiasi gani umefanana na wengine. Kazi ya mwisho ya kila mwanafunzi lazima ipite humo. Mkutubi alikuwa ametufungulia darasa ndani ya programu hiyo, kwa jina lake, ili tujaribu.

"Leteni chochote mlicho nacho," alisema. "Ni mazoezi tu. Afadhali uaibike hapa kwangu kuliko kule kwa kamati."

Wengine walipeleka kurasa chache. Mimi, kwa vile ni mwoga, nilipeleka tasnifu nzima, maana ilikuwa karibu kwisha na nilitaka kujua ubaya wote kwa mara moja. Tulingoja. Kisha kikaja kijani. Kijani kabisa! Mfanano mdogo kuliko wa mtu yeyote darasani. Mkutubi alipiga makofi, pasta akaamka akapiga pia bila kujua sababu. Siku hiyo nilishuka zile ngazi na mfuko wangu umefungwa zipu mpaka mwisho, na yule askari akasema, "Leo kuna nini tena?"

Nilimaliza tasnifu, msimamizi akaikubali, nikaiwasilisha rasmi. Nikaanza kuwaza gauni la mahafali. Mama alikuwa tayari amechagua kitambaa chake madukani Adams, amekitundika mlangoni mwa kabati ili akione akiamka.

Halafu ikaja barua pepe. Ilikuwa mistari miwili: nifike ofisini kwa msimamizi, bila kukosa.

Nilimkuta amekaa bila miwani. Hakuniambia nikae. Aligeuza kompyuta yake nione, na nilichokiona sitakisahau: kazi yangu, kurasa zangu, zote nyekundu. Ukurasa baada ya ukurasa. Sehemu nyeupe zilikuwa chache mno, hapa neno, pale nambari. Pembeni paliandikwa kwamba yote haya yamepatikana kwenye kazi ya mwanafunzi wa chuo hiki hiki, iliyowasilishwa kabla ya yangu. Jina la mwanafunzi halikuonyeshwa.

"Madam," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni, si ya hasira, jambo lililoniogopesha zaidi. "Hii kazi umeitoa wapi?"

"Niliandika mimi."

"Nilikuona ukiiandika, sura baada ya sura. Au nilidhani nakuona. Sasa sijui." Akaifunga kompyuta. "Haiko tena mikononi mwangu. Kamati itakaa Jumanne ijayo. Wakiona ni wizi, tasnifu inafutwa na wewe unaondolewa. Tafuta la kuwaambia."

Nilitoka. Nilipita mezani pa mtu wa mapokezi nikajikuta nafungua mfuko, na pale hakuna ukaguzi wa aina yoyote. Yule kijana alinitazama tu. Nilitembea toka mjini nikapandisha Upper Hill, nikaingia Ngong Road, mpaka nyumbani kwa miguu, kwa sababu sikutaka kukaa karibu na mtu yeyote. Kila mara nilijiuliza swali moja: ni nani? Nani aliichukua kazi yangu akaiwasilisha kabla yangu? Nilimshuku karani wa benki niliyewahi kumwazimisha flashi yangu. Nilimshuku pasta, Mungu anisamehe, kwa sababu tu alikuwa akisinzia sana.

Mama hakuambiwa. Aliniuliza mbona sili, nikasema ni vidonda vya tumbo. Kile kitambaa mlangoni mwa kabati nilikipita nimeangalia chini.

Lakini mficha uchi hazai. Ijumaa nilipotoka kazini nilikwenda maktaba, nikapanda mpaka kwenye ofisi ya yule mkutubi. Ilikuwa chumba kidogo chenye picha ya mtoto wake na mmea uliokauka nusu. Aliponiona alifurahi.

"Madam wangu wa kijani! Umekuja kunipa kadi ya mahafali?"

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza, akasema, "Hapana, hiyo haiwezekani. Ngoja." Akafungua lile darasa letu la mazoezi kwenye kompyuta yake. Nilimwona akisoma. Kisha nilimwona anaacha kusoma. Mkono wake ulikaa juu ya kipanya bila kusogea, na uso ulibadilika rangi mbele yangu.

"Ni nani?" nikauliza. "Niambie tu. Ni nani ameniibia?"

"Ni wewe."

"Ati nini?"

"Umefanana na wewe mwenyewe." Aliongea kwa sauti ya chini. "Nikifungua darasa la mazoezi, kuna mahali nachagua kazi zisihifadhiwe. Zipimwe tu, ziachiliwe. Sikuchagua. Nilikuwa na haraka asubuhi ile, mtoto alikuwa mgonjwa. Nikaacha vile ilivyokuwa. Kwa hivyo ile siku ya kijani, mashine iliiweka kazi yako. Ulipokuja kuleta ile ya kweli, ikasema nimeshaiona hii."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini sijui kama walifikiria kazi ya mtu imgeukie mwenyewe. Nafuu ikanijaa. Nilicheka hata. Nikasema, "Basi imekwisha! Njoo Jumanne uwaambie."

Hakucheka. Aliinuka akafunga mlango.

"Madam, mimi niko kwa mkataba. Unaisha mwezi huu. Wiki hii hii ndiyo wanaangalia nani aendelee na nani aende." Akaitazama ile picha ya mtoto. "Na si wewe tu. Ni darasa lote. Kila mtu aliyeleta kazi siku ile. Wewe ni wa kwanza tu kufika."

"Kwa hivyo?"

"Naomba unipe hii wikendi. Nifikirie."

"Ufikirie nini?"

"Hilo darasa ni langu. Mimi peke yangu ndiye naweza kulifungua." Hakusema kwa vitisho. Alisema kama mtu anayejieleza mwenyewe hali ilivyo. Lakini mimi nilielewa, na ile nafuu ikanitoka yote. Angeweza kulifuta. Akilifuta, ile kazi nyingine ingebaki ndani ya mashine bila mtu wa kusema ni ya nani, na mimi ningebaki mwizi. Na ningemlaumuje? Ningekuwa mimi, na mtoto ni mgonjwa, na mkataba uko mezani kwa mtu, ningefanya nini?

Nilishuka ngazi. Nilipofika chini ndipo nilipokumbuka kwamba nina simu yenye kamera, na ningeweza kupiga picha kile kioo. Nikarudi mbio. Mlango ulikuwa umefungwa na yeye ameshaondoka kwa ngazi za upande wa pili. Woga una ubaya huo, akili hukujia baada ya basi kuondoka.

Wikendi ile sikuishi. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikamwandikia ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine wa adabu zaidi: "Tafadhali mpendwa, nakuomba." Ukasomwa. Hakujibu. Jumapili kanisani mhubiri alizungumzia mashahidi wa uongo nikatoka nje, nikajifanya nina kikohozi. Jumatatu kazini nilitafuta faili moja asubuhi nzima, kumbe nimelikalia. Nilimwogopa mwanamke aliyenifundisha kila nilichojua kuhusu kazi ile, na niliona aibu kumwogopa, na bado nilimwogopa.

Jumanne simu yake ilikuwa imezimwa.

Kamati ilikaa katika chumba chenye meza ndefu na maji ya chupa ambayo hakuna aliyeyafungua. Walikuwa watu watano, msimamizi wangu mwishoni kabisa. Mwenyekiti alikuwa profesa, mama mmoja mtaratibu. Aliweka mbele yangu tasnifu mbili zilizochapwa.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Yangu pia."

Mmoja wao alicheka kwa pua. Profesa hakucheka. Nikaeleza, na nilipokuwa naeleza nilisikia jinsi maneno yangu yalivyofanana na ya mwongo: mazoezi, Jumamosi, kisanduku ambacho hakikuchaguliwa.

"Nani anaweza kuthibitisha?" profesa akauliza.

Hapo ndipo woga wangu ulipofika mwisho wa kamba yake. Nikilitaja jina lake, nimemmaliza. Nisipolitaja, nimejimaliza, na wale wengine nyuma yangu wamekwisha pia, karani, wauguzi, na pasta wa watu.

"Nilifundishwa hapa hapa chuoni," nikasema. "Aliyenifundisha aulizwe. Mkutubi wa warsha."

Katibu wa kamati alitoka kupiga simu maktaba. Tukakaa. Nilitazama chupa ya maji nikawaza: atasema hanijui. Atasema darasa hilo halipo. Nami ningefanya nini, nipige kelele?

Mlango ulipofunguliwa, katibu hakuwa peke yake. Mkutubi alikuwa nyuma yake, ameikumbatia kompyuta kifuani kwa mikono yote miwili. Amevaa zile raba zake. Katibu akasema hakuhitaji hata kupiga, amemkuta amekaa kwenye benchi nje. Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi.

Hakunitazama. Aliweka kompyuta mezani, akaifungua, akaisukuma mbele ya profesa.

"Kazi hizi mbili ni za huyu madam," akasema. "Kosa ni langu. Nilifungua darasa vibaya. Na kuna wengine, majina yao ni haya hapa, hawajawasilisha bado. Wakija, msiwaite wezi. Ni mimi."

"Unaelewa unachosema?" profesa akamuuliza.

"Naelewa, prof. Nimeogopa tangu Ijumaa mpaka nimechoka."

Waliisoma ile kompyuta, wakapokezana. Msimamizi wangu alivaa miwani akavua akavaa tena. Hatimaye profesa akaniambia, "Sawa. Madam, unaweza kwenda. Utapata barua yetu." Kisha akamgeukia mkutubi. "Wewe baki."

Nilitoka karibu nikikimbia. Haki ya Mungu, sikugeuka nyuma. Nilikuwa nimeshika mfuko wangu kama mtu aliyeokoka kwenye moto, na nilichowaza ni kimoja tu, nifike nyumbani.

Nilifika jua likiwa bado liko. Mama alikuwa jikoni anachuja chai. Nilikaa kwenye kile kigoda chake, nikamwambia yote tangu mwanzo, tasnifu nyekundu, Ijumaa, kamati, yote. Hakunikatiza. Alikuja akaketi na kikombe bila kunywa.

"Walisema pole?" akauliza.

"Walisema niende."

"Mm." Akatikisa kichwa. "Hata mimi waliniita tu, wakasema njoo kazini. Ile saa ilipatikana."

Nilimtazama. Miaka yote hiyo.

"Mtoto wao mdogo alikuwa anaichezea kwa maua, akaifukia kwa udongo. Mtu wao wa bustani alimwona. Aliogopa kusema, kwa sababu atasema aje mtoto wa wenyewe ndiye mwizi? Lakini aliposikia nimefukuzwa na nina mtoto, akaenda akasema. Akaenda akafukua, akawapa." Akapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. "Wakamuuliza, kwa nini ulinyamaza siku hizo zote? Wakamwondoa. Niliporudi kazini hakuwepo. Nilifurahi kurudi, mwanangu, nilifurahi sana hata sikuuliza ameenda wapi. Mpaka leo sijui. Nimemwombea, lakini sijui."

Nje uani watoto wa plotini walikuwa wakigombania mpira. Mama aliweka kikombe chini.

"Na huyo msichana," akasema. "Yeye walimwambia nini?"

Sikuwa nimengoja kusikia. Mama alinyoosha mkono akachukua simu yangu juu ya meza, akanipa.

Nilidhani ya mkutubi itakuwa bado imezimwa. Iliita. Niliogopa ashike, niliogopa asishike. Akashika, na nyuma yake nikasikia mwangwi wa ile ngazi ya maktaba, na hatua za watu wakitoka.

"Madam," akasema kabla sijaanza. "Wamekupitisha?"

"Wamenipitisha. Na wewe? Wewe wamekuambia nini?"

Nikasikia kitu kizito kinawekwa juu ya meza, na sauti nzito ya yule askari wa jioni, ikiwa ya upole kuliko nilivyowahi kuisikia, ikisema pole, ni sheria tu, fungua na hiyo boksi ya vitu vyako vya ofisini pia.

"Ngoja kidogo, madam," mkutubi akaniambia. "Wananikagua."